Wiki Tatu

Ripoti yako niliikuta chini ya godoro, Kwamboka,
imekunjwa mara nne kama noti iliyofichwa mwizi.
Hisabati: kumi na tisa.
Mwalimu kaandika kwa wino mwekundu, "Amezembea."

Nilikaa nayo kutwa kibandani, nikiyanoa maneno.
Jioni nikakukuta kwenye ngazi, ghorofa ya tano,
mitungi miwili ya maji kando yako,
hupandi, hushuki,
unang'ata kucha hadi nyama.
Maneno yakanirudi kooni.

Mimi ni fundi wa simu hapa Pipeline, sina hekima nyingine.
Simu ikiletwa imekufa siibomoi yote;
natafuta moto umefika wapi, umekatikia wapi.
Basi nikakuuliza vivyo hivyo:
mara ya mwisho kuelewa ilikuwa lini?

Ukacheka kwa pua. "Wewe nawe."
Ukanyamaza mpaka Mama Nzilani akapita na beseni lake,
mpaka taa ya ngazi ikazimika,
ndipo ukajibu, gizani:
"Logi. Walizifunza zile wiki tatu za karo.
Niliporudi kila mtu alishazijua.
Nikaona haya kuuliza. Na kila kilichofuata
kilijengwa juu ya kitu nisichokuwa nacho."

Wiki tatu za karo.
Nazijua. Zile pesa nilikuwa nazo mkononi,
nikanunua mashine ya kuchomea, ya mtumba, kule Luthuli,
nikamwambia mama: shule haihami, itangoja.
Kweli haikuhama. Ilikwenda bila wewe.

Sikukuambia usiku ule. Nakuambia sasa.

Tulianza Jumapili, chini ya balbu inayopepesa,
na kitabu cha logi chenye jina la mtu mwingine jaladani.
Mimi niliyeishia darasa la nane, kazi yangu kushika kalamu tu.
Tukarudi nyuma ya logi, nyuma ya vipeo,
tukarudi hadi kwenye sehemu, nusu na robo,
kama watu waliodondosha sarafu njiani
wakiitafuta kwa tochi.
Siku ya tatu ulilia, ukakirusha kitabu kikagonga sufuria.
Nikakiokota. Nikabandika chai.
Nilitaka kusema haraka haraka haina baraka,
nikaona wa kukuhubiria subira si mimi.
Nikakuongezea sukari.

Mtihani uliofuata: ishirini na sita.
Si alama ya kutundika ukutani.
Ila safari hii ripoti uliiweka mezani, wazi,
ukaikandamiza na sahani ya sukuma isipeperuke,
kisha ukanigeuzia daftari, kidole juu ya mwandiko wangu:

"Hapa ulinipoteza. Nambari yoyote
kwa kipeo cha sifuri si sifuri. Ni moja."

"Yoyote?"

"Yoyote. Ila sifuri yenyewe."

Ukanipa kifutio.