Ndoo ya Bluu

Tulimnunua sokoni Maribor, mdogo kama sarafu,
kobe wa maji ndani ya bakuli la plastiki
lenye mnazi wa plastiki,
zawadi ya Neža alipotimiza miaka saba.
Muuzaji aliapa: "Huyu hakui zaidi ya hapo."
Sasa ni sahani ya supu yenye kucha.

Neža yuko Graz, anasomea ujenzi wa madaraja.
Chumbani mwake nimebaki mimi na mlio wa pampu,
na harufu isiyosikia sabuni.
Kila Jumapili namuuliza kwenye simu.
Kila Jumapili: "Baba, mwezi ujao."
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
huyu yuko mwaka wa kumi na tatu
na jembe hawezi kulishika.

Nitasema kweli, maana nimekwisha kumwambia mtu mmoja
na haikuniua:
jioni moja ya Septemba nilimtia ndooni,
ndoo ya bluu ya kupigia deki,
nikashuka naye hadi bwawa la bustani ya mji.
Nilikuwa nimeandaa hata maneno.
"Nenda," ningemwambia, "uko huru."
Tamu sana neno hilo
mdomoni mwa mtu anayetaka kulala.

Jua lilikuwa bado kwenye gogo.
Juu yake vichwa vitano, sita,
kila kimoja na mstari mwekundu nyuma ya jicho,
kama waliochorwa kwa kalamu moja.
Kumbe si mimi wa kwanza kuja hapa na ndoo.
Yule wetu wa asili, mweusi mwenye vitone vya njano,
niliyemvizia hapo hapo nikiwa na suruali fupi,
sikumwona. Gogo lilikuwa limejaa.
Na waliotupwa wasiofika kwenye gogo,
barafu ya Januari ndiyo inayojua hesabu yao.

Nikarudi. Kupanda, ndoo ilikuwa nzito zaidi.

Nikaanza kuuliza, kama aulizavyo mtu mwenye haya.
Bi Hribar, daktari wa mifugo, hakunicheka;
aliandika namba nyuma ya risiti.
Duka la wanyama lilikataa.
Kituo cha hifadhi: watu thelathini na wanane mbele yangu.
Kijana mmoja alimtaka leo leo, bure,
bila kuuliza anakula nini.
Nikamwambia ameshachukuliwa.

Hatimaye Ptuj, kwa mwalimu mstaafu, Marjeta Zorko:
bwawa, uzio uliochimbiwa chini,
banda la kioo la majira ya baridi.
Na maswali! Kucha za mbele ni ndefu?
Mboga anakula? Taa yake ina umri gani?
Amewahi kuvimba macho?
Nusu nilijibu.
Miaka kumi na mitatu nikimwita Admirali,
sikujua kwamba ni jike.

"Akitaga?"
"Nitayatoa mayai. Hapa hakuna wa kuongezeka."
Akaleta karatasi ya serikali, tukatia saini wote wawili.

Nikamwachia taa, chujio, chakula kilichobaki,
na yuro arobaini alizozikataa mara mbili.
Admirali hakutazama nyuma;
shingo ya kobe ina shughuli nyingine.
Alitumbukia, akakaa chini dakika nzima,
nikahesabu,
ndipo pua ikatokeza, ndogo kama kifungo cha shati.

Ana miaka ishirini mbele yake, huenda thelathini.
Mimi nina sitini na minne.
Mwalimu ana sabini na mmoja,
na jina la mpwa wake limeshaandikwa
chini ya karatasi, mstari wa mwisho.
Hilo ndilo lililonishinda garini:
kwamba kuna mtu aliyefikiri hadi huko.

Jumapili simu ikalia. "Baba, mwezi uj—"
"Amehamia Ptuj."
Kimya. Kisha akauliza
swali ambalo hakuwahi kuniuliza:
"Anakula?"

Nikamsomea namba, tarakimu moja moja.
Muulize mwenyewe, nikasema,
nikarudi kwenye deki.