Matumbo Mawili

Jumamosi, magari ya ploti yakiwa yametoka,
Makokha alipiga magoti kwenye lami ya Imara Daima
na kipande cha chaki, na futikamba ya seremala,
akachora mashua mbili alizozitamani mwaka mzima,
zote za matumbo mawili, zote za mkono wa pili:
ya Mtwapa, mita kumi na moja,
injini za nje, bado zinanukia duka;
ya Kilifi, mita kumi na tatu,
dizeli za zamani, zimelala ndani kama ng'ombe wa maziwa,
kila moja na tumbo lake, kila moja na njaa yake.

Mimi nilishika kikokotoo. Nilishika pia
karatasi za shamba la Ruai tuliloliuza,
na swali nililolikunja nikalitia mfukoni.

"Lita ngapi kwa saa?"
"Inategemea unakimbilia wapi."
"Nakimbilia likizo ya shule, Makokha. Wiki tatu, Agosti.
Watoto wawili, mama yako na goti lake, na choo kisichoziba."
Akacheka. Akachora choo.
Akachora vidato vya Kilifi: saba, vyembamba, vinashuka gizani.
Vya Mtwapa vilikuwa vitatu.
Goti la mama lilipiga kura bila kuulizwa.

Tunasema njia mbili zilimshinda fisi.
Huyu hapa, basi, fisi aliyezishinda njia:
mguu huku, mguu kule, maji yanapita kati,
na mgongoni amebeba meza, jiko, na watu wanaobishana.
Hayumbi, alisema Makokha. Kikombe cha chai hakimwagiki.
Nilitaka kumwamini. Nikahesabu tena:
injini mbili, vichujio viwili,
rangi ya kufukuza kome, mara mbili,
na ada ya kuegesha, ambayo wanaitoza kwa upana,
hawajali kama katikati ni hewa tu.

Lesiamon, askari wa zamu, alikuja na rungu kwapani,
akaizunguka ya Kilifi kama anayekagua gari la mgeni.
"Hii itapita wapi? Geti ni mita tatu na nusu."
Tukalitazama geti. Sote. Kwa heshima.

Nasimiyu ana miaka kumi na minne na maneno machache.
Mama yake alimzaa Webuye, akazikwa Webuye.
Kundu nilimzaa mimi, Pumwani, usiku wa mvua.
Majirani wana jina lao: watoto wa matumbo mawili.
Hawasemi kwa ubaya. Wanasema tu, wakianika nguo.

Katika ile ya Kilifi kila mtoto ana tumbo lake,
huyu kulia, huyu kushoto, na mlango, na kitasa.
Makokha alidhani ndicho kitakachompendeza.
"Chumba chako peke yako. Hakuna wa kukugusia vitabu."

Msichana alisimama kati ya matumbo yale ya chaki,
akatazama huku, akatazama kule.
Kisha akavuka hadi ile fupi, ya Mtwapa,
akalala chali juu ya lami iliyopata joto,
akasogea, akaacha nafasi ya shubiri mbili.
"Kundu, njoo tupime kama tunatosha."
Hawakutosha. Miguu ya Kundu ilitokeza baharini.
"Tunatosha," alisema.

Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.
Wahenga hawakusema ngama ipi
pale ambapo ziko mbili.
Nilizima kikokotoo.

Saa kumi Mama Kerubo alirudi na Probox yake,
akaegesha juu ya jikoni, akashusha vitunguu.
Makokha bado anasema dizeli ni salama zaidi,
na huenda yuko sahihi. Mtwapa hatujapiga simu.
Ila jioni ile, nikimfuta Nasimiyu mgongoni,
chaki ilibaki kiganjani mwangu
na sikuharakisha kunawa.