Makabidhiano ya Stoo

Tia sahihi hapa, mwanangu, kisha na hapa.
Mipira sita. Andika sita, ijapokuwa miwili
haikai na upepo zaidi ya kipindi kimoja.
Jezi za herufi, seti mbili. Ile ya kijani haina C:
alizikwa nayo Skolastika wa Mnyambe.
Mama yake aliniomba, sikuwa na moyo wa kudai risiti.
Mkaguzi akiuliza, mwambie imechakaa.

Chokaa hakuna. Haikuwahi kuwapo.
Mistari tulichora kwa majivu ya jiko la chuo,
alfajiri, kabla ukungu wa Newala haujainuka,
na upepo wa saa nne ulipoifuta
kila msichana alishajua kwa nyayo zake mpaka uko wapi.
Huo ndio ukocha ninaoujua. Mwingine niliusoma semina,
siku tatu, Mtwara mjini, tukapewa soda na cheti.

Miaka thelathini na mmoja.
Nilikuja hapa kufundisha hesabu.
Kwenye kikao mkuu wa chuo akauliza, nani mrefu?
Nikasimama.
Basi, ndivyo nilivyoteuliwa.

Sasa njoo nje, uitazame ringi ya kaskazini.
Unaiona ilivyonyooka? Ilinila gunia la korosho.
Zamani iliinama kushoto, upana wa kiganja,
tangu wavulana wa mwaka wa pili walipoanikia mablanketi.
Wasichana wangu wakauzoea upinde wake
kama mtu anavyouzoea mlango wa kwao:
teke kidogo chini, kisha sukuma.
Nyumbani hatukufungwa miaka minne.
Masasi walikuja, wakarudi wakitazama vidole vya miguu.
Nachingwea vivyo hivyo.
Nikavimba. Nikapita sokoni kama mke wa mkuu wa wilaya.

Halafu tukaenda kanda, Songea, uwanja wa saruji,
ringi zimesimama kama askari wa gwaride,
na Bihawa Chilumba, mfungaji wangu, mkono usiokosa,
akarusha kushoto.
Akarusha kushoto.
Akarusha kushoto.
Kumi na saba. Nilizihesabu, hesabu ndiyo kazi yangu.
Hakulia. Usiku, ndani ya lori, aliniuliza tu:
"Mwalimu, ulikuwa unajua?"

Nilikuwa najua.

Hiyo haimo kwenye orodha, lakini ipokee.

Msimu ule bei ilipanda mnadani, nikatoa gunia.
Fundi Nang'unde akaleta mtungi wake kwa baiskeli,
akaipasha ringi moto mpaka ikawa nyekundu kama udongo wetu,
akainyoosha.
Mwaka mzima tukapigwa hapa hapa, mbele ya wapishi,
mbele ya mkuu wa chuo na wageni wake kutoka wizarani.
Wakasema Mwalimu Nampoto kaishiwa.
Wengine, karogwa; nikaletewa na namba ya mganga.
Nami nikasema, rusheni. Mia kabla ya chai,
mia baada ya chai, mashamba yakipuliziwa salfa,
vumbi la njano kwenye nyusi, tunakohoa, tunahesabu.

Makombe? Moja. Lile pale juu, ndani yake mna chaki.
Mshindi wa tatu. Usilisugue sana, rangi inatoka.

Nilitaka zaidi, nisikudanganye.
Kuna usiku nilimlaumu mume wangu, marehemu, kwa ajili ya netiboli,
akaniuliza yeye anacheza namba ngapi.

Juzi Bihawa kanipigia. Yupo Kitangari, shule ya msingi,
ana wasichana kumi na wanne na mpira wa kushonwa.
"Mwalimu, ringi ya huku nimeikuta imelala upande."
Nikanyamaza. Simu ikawa inakula salio lake.
"Nimeuza mbuzi," akasema.

Funguo ni mbili. Hii ndogo haifungui kitu,
nami nilikabidhiwa hivyo hivyo.
Filimbi usiitafute. Niliinunua kwa hela yangu.
Haya, weka tarehe.
Leo ni ngapi?