Mtoto wa Arobaini na Moja

Homa huja Alhamisi, bila kubisha.
Nazeli, miaka saba, magoti kidevuni,
tumbo gumu kama ubao wa kufulia,
na nje theluji ya Gyumri imeziba dirisha.

Bibi yake alikuwa nayo. Waliita kijicho.
Mjomba Vahram walimpasua,
wakamtoa kidole tumbo kizima.

Daktari Siranuysh hasaki kijidudu. Hakipo.
Anaisoma damu herufi kwa herufi,
chai imepoa, mashine inakoroma,
hadi pale: herufi moja iliyokosewa mara mbili,
kwa baba, kwa mama.
Walinzi wanapiga yowe la moto
katika nyumba isiyoungua.

Kwetu twasema kikulacho ki nguoni mwako.
Hiki kimepita nguo.

Dawa yatokana na ua la vuli, chungu;
mama huizika ndani ya jemu ya aprikoti.
Nazeli huilamba jemu, hukitema kidonge,
hurudishiwa.

Alhamisi tatu sasa.
Kwenye daftari la utafiti, safu ya homa
ina nafasi nyeupe.
Siranuysh anaitazama kidogo,
kisha anafungua chupa ya arobaini na mbili.