Njia ya Kwenda kwa Popo

Shaame, umeuliza njia, nakuandikia njia.
Pale Chake gari ni nyingi,
lakini nyingi hupita njia mpya,
na njia mpya haiwajui popo.
Wewe uliza ya Wete kwa njia ya kale.
Uliza mara mbili: utingo wa kwanza atakwambia panda,
kwake kila aliyesimama ni abiria.

Usiseme unakwenda kutazama wanyama.
Mimi nilisema, nikachekwa mwendo wa skuli tatu.
Sema Kidike, kibaoni. Utakijua:
kimeliwa na kutu, na popo aliyechorwa juu yake
kabakiwa na bawa moja na sikio.

Gari itakuacha hapo. Usiilaumu,
ndio mwisho wa hisani yake.
Mtu wa kwanza atakwambia, ni hapo tu.
Wa pili naye, hapo tu.
Ni saa nzima kwa mwenye mtoto,
saa na robo kwa aliyekwenda na Baba.

Maana mwaka jana nilimpeleka. Alitaka mwenyewe.
Alivaa viatu vya Idi, vikamla kisigino,
akavivua, akavishika mkononi,
akasema njia hii nyayo zake zimeijua
kabla ya kibao.
(Ukikuta majamvi ya makonyo, zunguka.
Bi Time yumo ndani, lakini anaona.)

Kibandani yupo kijana, Faki, na daftari.
Atakutaka jina, utokako, na fedha.
Baba aligoma:
"Nilipe kuwatazama? Mimi nikiwatwaa bure."
Faki akamkazia macho.
"Wewe ndiye Hamad wa Nyavu? Babu akikutaja."
Baba akalipa. Hakungoja chenji.

Nyinyi mliozaliwa ng'ambo hamkuambiwa:
kwetu popo alikuwa kitoweo.
Mwaka mchele ulipoadimika,
Baba alitega wavu baina ya minazi miwili,
na asubuhi nyumba yetu ilinukia tui.
Nilikula. Niliramba na vidole.
Sijisifu, wala sitamficha mwanao.

Chini ya miti nyamaza.
Utawasikia kabla ya kuwaona:
ugomvi, kama wa foleni ya bombani maji yakikatika.
Kisha yale majani makavu yatafumbua macho.
Nyuso za vijibwa, manyoya ya rangi ya kutu,
na mabawa wamejifunika gubigubi.

Baba akaanza kuhesabu kwa korja,
kama alivyohesabia mzigo wa soko.
Korja ya kwanza. Ya pili.
Kwenye ya tisa akapotea, akarudi mwanzo.
Akapotea tena.
Nikamwona anafurahi kupotea.

Sasa nisikilize, nimeshika kalamu kwa ajili ya hili:
gari ya mwisho hupita kibaoni saa kumi na moja na nusu.
Popo huruka saa moja kasoro.
Hayo mawili hayajapatana, na hana habari dereva,
wala popo hawana habari.
Ukiitaka gari utawaacha wananing'inia kama nguo,
utarudi mjini, utasema umewaona.

Nilimwambia Baba, gari.
Akasema, "Nenda kaikamate,"
akakaa kitako.

Hawakuruka kwa pamoja.
Mmoja alijiachia, akaanguka kidogo,
hewa ikamdaka.
Kisha wawili. Kisha sikuweza tena kusema wangapi,
mbingu ilikuwa inapita juu yetu kwa miguu yake.
Nikamtazama Baba: mikono yake ilikuwa imenyanyuka,
vidole vimekunja kamba isiyokuwepo.
Wakapita wote.
Akairudisha mapajani, polepole,
mmoja, halafu wa pili.

Tulifika Chake saa nne, juu ya lori ya mchanga,
yeye kalala, viatu kavikumbatia.

Basi. Chukua tochi, na koti la mtoto.
Nauli, ya kwenda inatosha.