Rivasi

Nailoni ya viti sijaibandua bado.
Miezi minne. Mjukuu akikaa inalia kama mfuko wa karanga,
nami namwambia: tulia, usiichane,
kana kwamba gari ni la mtu mwingine
na nimeachiwa kulitunza mpaka arudi.

Jeusi, pana. Lilivuka Dar na Kigali mgongoni mwa lori.
Lina dirisha darini la kutazamia mbingu
na sauti ya mwanamke anayenisalimu kwa Kiarabu.
Miaka kumi na mmoja ya likelemba imo humo ndani,
na mifuko ya saruji, na vumbi lake
ambalo hadi leo nalitoa puani.

Ilianza Nyawera, Jumanne, mvua imekatika.
Ya pili iliingia. Ya tatu ikasita
kama mtu aliyefika mlangoni kwa mdai wake
akakumbuka kitu nyumbani.
Injini ilipiga kelele, magurudumu hayakusikia.
Yule mwanamke akasema neno.
Labda alitukana. Labda aliomba.

Fundi Cirhuza wa Panzi alilala chini yake,
kipande cha mpira wa maji sikioni.
Akachovya kijiti, akanionyesha:
mafuta yaliyopaswa kuwa mekundu kama mawese
yamekuwa meusi, yananuka mkate ulioungua.
"Mama Nsimire, motokari ni mupya, bwate ndiyo muzee.
Mwenye kuitengeneza hakuonaka Bukavu."
Bei aliiandika kiganjani mwake, asiitamke.
Nikaisoma. Nikamwambia akanawe.

Shemeji Mugaruka, ambaye hakuchanga hata franka,
alisema mezani: kipya kinyemi.
Hakumalizia. Mkia wa methali hiyo ni kidonda,
na sote tuliujua, tukaendelea kula.

Leo asubuhi sikuwa na budi.
Saruji imefika Kadutu, ufunguo wa depo ninao mimi.
Chini ya mlima gari likakataa.
Nikaomba ya kwanza: kimya.
Nikabembeleza. Nikamtaja marehemu mume wangu.
Kijana wa pikipiki akainama dirishani:
"Mama, jaribu rivasi."

Likakubali.

Basi nilipanda Kadutu kinyumenyume,
dola elfu arobaini na saba zikitanguliza makalio,
kamera ikinionyesha barabara nisiyoigeukia.
Watu walipisha. Muuza sambaza aliinua beseni lake,
kwa heshima au kwa kicheko, sikujua.
Watoto walikimbia mbele ya pua ya gari
wakinitazama uso kwa uso, kama picha.

Na nyuma yao, mabati. Mabati. Kisha maji.
Kila nilipopanda ziwa lilizidi kutanuka,
likafunua rasi, likafunua milima ya ng'ambo.
Miaka hamsini naishi hapa,
na mlima huu sikuwahi kuupanda nikilitazama.

Mama yangu aliupanda miaka ishirini
kwa kamba ya kipajini, muhogo wa watu mgongoni,
bila ya pili wala ya tatu.
Gia yake ilikuwa moja: shingo.
Alilijua kila jiwe la njia hii.
Ungemuuliza ziwa liko wapi
angekujibu bila kuinua macho:
wanasema liko nyuma.

Mbele ya depo nilizima injini.
Wabebaji watatu walikuwa wakinisubiri, kamba mikononi.
Aliyewazidi umri akaigusa boneti;
ilikuwa moto kama paji la mtoto mwenye homa.
"Na yeye amechoka," akasema,
akaketi kwenye kivuli chake,
akaegemeza kisogo kwenye gurudumu jipya.
Nikaacha mifuko ingoje.

Saa nne Cirhuza alipiga simu.
Alikuwa amenawa.
Bei haikutoka.