Dubwana Halikupita Kwetu

Walipokuja na malori yao Februari ile
walituambia: ogopeni.
Tukauliza: tuogope nini?
Kijana wa koti la manjano akainua mti mrefu,
nchani mpira wa tenisi.
Hilo ndilo jicho lake, akasema.
Likienda kushoto, nyuso kushoto.
Likiinama, kimbieni.

Tukakimbia.
Oshikoma nzima, watu mia tatu na ushei,
wengi wetu magoti yamekwisha kula chumvi,
tukakimbia juu ya barafu kutoka posta hadi darajani
siku mbili, kwa bakuli la tambi na kofia ya bure.
Bibi Fumie, miaka themanini na moja,
alipewa kazi ya kuanguka.
Akaanguka mara kumi na moja.
Mara ya tisa hakuwa anaigiza.

Mimi ni dobi.
Nilivaa koti la marehemu Genzo, maana walitaka nyeusi,
na usiku nikafua majivu yao ya bandia
kwenye nguo za mji mzima.
Kola ya Genzo haijatakata mpaka leo.
Sikulalamika. Nilijiambia: litaonekana, hili koti,
litaonekana hadi Brazili.

Mwaka ukapita, na nusu yake.
Bwana Kurebayashi wa ofisi ya mji akakodi basi,
saa tatu za njia hadi Hakodate,
akatugawia vibendera, nani ajuaye vya nini.
Tukakaa safu nne za mbele, shingo zimepinda.

Bisi zilikwisha kabla dubwana halijatoa pua.
Kisha likatoka.
Gamba moja moja limechorwa, na juu ya gamba, tone la maji,
na ndani ya tone, mwezi.
Likanguruma hata meno yangu ya kubandika yakacheza.
Debe tupu, Fumie akaninong'oneza,
hata ukilipa meno ni debe.
Kweli, sikuogopa. Nilitafuta woga kila mfuko
kama mtu aliyepoteza tiketi.
Ule mpira wa tenisi ulinitia baridi ya uti wa mgongo;
hili la mabilioni lilinipa usingizi.

Nalo likapanda kutoka baharini, pale pale, ghuba yetu,
likasimama, likanusa,
likageuka kusini kwenda Tokyo
kama vijana wetu wote.

Daraja letu! akapiga kelele Kurebayashi,
na lilikuwa limeshapita.
Sekunde nne, gizani, kutoka juu,
na chini yake jina la mji mwingine.
Koti halikuwepo. Posta haikuwepo.
Mahali pa Fumie alianguka msichana mwenye nywele zilizolowa kwa mpango,
akainuliwa na mwanajeshi.
Fumie hakuinuliwa na mtu. Aliinuka mwenyewe, mara zote kumi na moja.

Shule yetu ilifungwa ikiwa na watoto tisa.
Treni ya mwisho ilipoondoka, mpiga tarumbeta alikuwa na mafua.
Bwawa la kuogelea limeota miti.
Hakuna aliyekimbia. Hakuna king'ora.
Tunabomoka kijiko kwa kijiko,
na mara moja tu, jamani, tulitaka
tukanyagwe na kitu chenye mguu.

Kurudi, ndani ya basi, kimya.
Mtu alikuwa anakunja kibendera chake, anakikunjua.

Kwenye posta Fumie akaomba kushuka.
Nikashuka naye, nimshike mkono, barafu tena.
Akasimama palepale pake.
Akainua uso. Akaupeleka kushoto, taratibu,
macho yakifuata kitu kirefu kuliko mnara wa maji.
Dereva akaacha injini ikinguruma.
Nami nikatazama kushoto.
Hapakuwa na kijana, wala mti, wala mpira.
Theluji tu, ikitoka upande wa bahari.

Kikaanza kuinama.